Bastola ya kale, risasi za bei ya chini: Mbona rahisi hugeuka ghali

TUSEME una binamu anayeishi Texas, Marekani. Kazi anayo, makaratasi yake yako sawa, na wikendi hupenda kwenda uwanjani kulenga shabaha. Siku moja anakutumia picha ya bastola aliyonunua: nyeusi, nyembamba, yenye nyota na herufi CCCP kwenye mpini. “Mazee, hii ni ya enzi za Hitler!” anakuandikia.

Wiki mbili baadaye hana raha tena. Risasi zake ni adimu. Alizozipata dukani ni ghali, na zile za bei ya chini alizobahatisha kwingine zimekataliwa uwanjani. Kwani shida iko wapi?

Bastola hiyo ni Tokarev TT-33. Ilibuniwa na Fedor Tokarev na kutengenezwa katika mji wa Tula, kisha ikatumiwa na wanajeshi wa Muungano wa Kisovieti katika Vita vya Pili vya Dunia. Poland, Romania, Hungary, Yugoslavia na China pia zilitengeneza za kwao. Mwaka wa 1951 Wasovieti walihamia bastola ya Makarov. Vita Baridi vilipoisha, Tokarev nyingi zilizokuwa zimelala maghalani Ulaya Mashariki ziliishia kuuzwa Marekani kwa bei ya kutupa.

Lakini bunduki ni kama gari kuukuu. Kulinunua ni rahisi, kulilisha ndiyo kazi. Tokarev hutumia risasi za 7.62 kwa 25, wakati maduka mengi hujaza rafu zao risasi za milimita 9.

Kwa miaka mingi ujanja ulikuwa kununua risasi kuukuu za kijeshi, zilizofungiwa ndani ya mikebe ya bati kama samaki wa dukani. Akiba hiyo imekuwa ikipungua tu, kwa sababu majeshi yaliyoziagiza yalishaachana na bastola hizo. Milango mingine nayo ilifungwa: mwaka wa 1994 Marekani ilizuia risasi kutoka China, na Septemba 2021 ikaacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi.

Mtihani wa sumaku

Sasa turudi uwanjani alikokataliwa binamu. Katika viwanja vingi vya Marekani, mhudumu huchukua sumaku na kuigusisha kwenye risasi zako. Ikinasa, unarudi nazo nyumbani.

Sababu ni hii: risasi nyingi za kijeshi za Tokarev zina chuma, ama katikati ama kwenye ganda jembamba linalofunika kichwa cha risasi. Kichwa cha Tokarev huruka kwa kasi ya zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Chuma kikigonga bamba la shabaha kwa kasi hiyo, huliharibu, na vipande vinaweza kurudi vilikotoka. Ndani ya jengo, cheche zake zinaweza hata kuwasha moto. Sumaku haijui kama chuma ni kingi au ni kiduchu, kwa hivyo zote hukataliwa.

Chumvi inayokula mtutu

Noma ya pili haionekani kwa macho. Fataki ya risasi nyingi za zamani, yaani kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu. Mtu wa Mombasa anajua chumvi ya bahari inavyofanyia mabati. Mtutu nao ni vivyo hivyo: chumvi huvuta unyevu, kutu ikaanza. Mafuta pekee hayaiondoi. Inabidi bastola ifunguliwe siku hiyo hiyo, ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe kabisa, ndipo ipakwe mafuta. Ukilala nayo chafu, ile pesa uliyookoa inaliwa na kutu.

Hatari ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Kuna bastola kongwe ya Kijerumani, Mauser C96, ambayo risasi yake ya 7.63 inafanana mno na ya Tokarev, kwa sababu ya Tokarev ilitokana nayo. Ila ya Tokarev ina nguvu zaidi. Mtu akiipiga kwenye Mauser iliyochoka kwa sababu ameipata bei poa, anaweza kuvunja bastola, na vipande vikamrukia usoni. Hakuna punguzo la bei linalolipa jicho.

Afanye nini basi?

Kwanza, aulize uwanja unaruhusu nini kabla ya kutoa hata senti. Pili, atafute risasi mpya zenye maganda ya shaba. Sellier & Bellot ya Czech na Prvi Partizan ya Serbia bado huzitengeneza, na fataki zake haziachi chumvi ile. Hata hizo, azipitishie sumaku kwanza. Maganda ayaokote, kwa kuwa wanaojua kazi hiyo huyajaza upya na kupunguza gharama.

Tatu, na hapa ndipo pesa inapookolewa kweli, mazoezi ya kila wiki ayafanye kwa bastola ya risasi ndogo za .22. Tokarev hubeba risasi 8 tu kwa magazini. Akiitoa mara mojamoja, boksi moja la risasi 50 litamfikisha mbali.

Hapa kwetu, usione picha ya binamu ukaanza kuulizia mtaani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti cha bunduki na cha risasi pia. Ukikutwa na hata risasi moja bila cheti, una kesi ya kujibu.

Kwa hivyo mjibu binamu hivi: kabla ya kuuliza risasi ni pesa ngapi, aulize ina nini ndani. Bei ya kwenye mkebe si bei yote.