Bonde la Ufa na Hoja ya Mabara Kuhama

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Manyoni kwa gari la moshi hushukia kwanza bonde pana la Bahi, kisha huupanda ukingo mkali ulio karibu na Kilimatinde. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Neno ufa latuambia kwamba nchi imepasuka. Lakini wataalamu hawakuafikiana upesi juu ya nguvu iliyoipasua.

Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alitoa hoja kwamba mabara yalikuwa nchi moja, kisha yakaachana. Wengi waliikataa, kwa kuwa hakuweza kuonyesha nguvu itoshayo kuyasukuma. Mwingereza Edward Bullard, baada ya kupima nguvu ya uvutano katika Afrika ya Mashariki, aliandika mwaka 1936 kwamba bonde hili lilitokana na ardhi kubanwa, si kuvutwa. Hata hivyo, mwaka 1965 Bullard huyo huyo na wenzake walizioanisha kwa kompyuta kingo za Afrika na Amerika ya Kusini, zikalingana kwa tofauti ndogo.

Leo vipimo vya setilaiti vyaonyesha kwamba pande mbili za bonde zaachana kwa milimita chache kila mwaka. Basi ufa ni jina lililosadifu: nchi ilivutwa, na ingali yavutwa.