Kusoma bila Kungoja: Juu ya Istilahi Moja ya Tarakilishi

Mfasiri anayetafuta jina la Kiswahili la kazi ya kuongoza michakato inayokwenda sambamba ndani ya tarakilishi hukimbilia "usawazishaji". Kusawazisha ni kufanya vitu viwe sawa, kama seremala asawazishavyo ubao. Je, ndiyo maana inayotakiwa? Nia ya makala haya ni kulichunguza jambo lenyewe kabla ya kulipa jina.

Michakato miwili itumiapo data ile ile, haifai mmoja usome wakati mwingine unabadilisha. Dawa ya kale ni kufuli. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha utatuzi uliofaa michakato ya idadi yoyote: mmoja aingiapo penye data, wengine hungoja. Lakini kufuli lina gharama. Hata asomaye tu hana budi kulishika na kuliachia, na penye vichakataji vingi, kuligombania huweza kuchukua muda mrefu kuliko kusoma kwenyewe.

Ipo njia nyingine, iliyotiwa katika Linux mwaka 2002, ambayo twaweza kuiita kusoma-kunakili-kubadilisha. Tuchukue mfano wa kabati la kadi za kamusi. Mhariri atakaye kurekebisha kadi halifungi kabati. Huinakili kadi pembeni, huisahihisha nakala, kisha kwa tendo moja huiweka mahali pa ile ya kale. Ajaye baadaye huikuta mpya. Aliyekwisha kuishika ya kale huendelea kuisoma ikiwa nzima. Angojaye ni mhariri: haichani kadi ya kale mpaka wasomaji wake wote wameondoka.

Atajuaje, ikiwa wasomaji hawajiandikishi popote? Katika umbo la asili la njia hii, msomaji haruhusiwi kuacha kazi akiwa na kadi mkononi. Hivyo kila kichakataji kikishabadili kazi angalau mara moja, ni hakika kwamba hapana aliyebaki nayo. (Wahariri wakiwa wengi, bado watahitaji kufuli baina yao.)

Njia hii yafaa data isomwayo mara nyingi na kubadilishwa mara chache, kama majedwali ya njia za mtandao. Salio la benki singelikabidhi kwake. Maana wasomaji wawili wa wakati mmoja waweza kuwa na kadi zisizo sawa, na mfumo bado ukawa sahihi. Hapo "usawazishaji" unasema kinyume cha jambo lenyewe. "Upatanishi" ungefaa, lau usingedokeza kwamba ulitangulia ugomvi. Mimi napendekeza "uratibu", ambao kitenzi chake hunyambulika bila taabu: michakato huratibiwa, nayo huratibika.