Kiungo cha Waya Nacho ni Kifaa

Wanachuo wenzangu, hasa mnaojiandaa kwenda PT, kuna kitu darasani tunakipita mbio: kuunga waya. Kwenye gereji niliyofanyia PT hapa Songea, mafundi umeme wanaita jointi. Waya mmoja unatoka kwenye fyuzi, njiani unagawanyika kwenda taa mbili. Fundi anamenya ganda, anasokota, anatia lihamu, anazungusha tepu, basi. Taa zinawaka.

Kasheshe inaanza ukitaka kuichora wairingi hiyo kwenye kompyuta. Mimi natumia WireViz, programu ya bure inayochora kutokana na maandishi unayoiandikia. Humo waya hutoka konekta moja kwenda nyingine. Hakuna waya kudandia mwenzake katikati. Kwa hiyo kiungo unakiandika kama konekta ndogo ya mtindo rahisi, unakipa jina: S1, S2. Wengine huona usumbufu, wanarundika nyaya tatu kwenye pini moja ya soketi. Mchoro unapendeza kweli, lakini nenda kaziingize hizo tatu kwenye pini yenyewe uone.

Ukishakipa jina, waya mmoja unakuwa vipande vitatu, kila kimoja na urefu na unene wake. Chukua taa mbili za wati 55 kwenye gari la volti 12. Kila taa inavuta kama ampea 4.6, hivyo kipande kinachofika kwenye kiungo kinabeba kama 9.2. Programu haikupigii hesabu hiyo. Piga mwenyewe, kisha uchague waya.

Sasa twende kwenye erthi, maana hapa pana roho za watu. Taa zote mbili za mbele zikirudi kwenye kiungo kimoja cha erthi, kikilegea zinazimika zote kwa mpigo. Fikiria ni usiku, uko kwenye kona za Lukumburu, gari limejaa. Ndiyo maana naona kila upande uwe na fyuzi yake na erthi yake, hata kama waya utaongezeka. Nyuma nako vivyo hivyo: ukiwasha indiketa na taa nyingine nazo zikapepesa, usikimbilie kununua balbu. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia kwa jirani. Kagua erthi kwanza.

Kitu ambacho mchoro hauoni ni mahali. Kiungo hakikai kwenye kona ya waya, wala pale mlango unapokunja nyaya kila siku. Viwili visikae sehemu moja, fungu litavimba. Mimi huandika kabisa pembeni: S3, sentimita 40 kutoka soketi ya taa ya kulia. Fundi atakayeitafuta mwakani hatachana tepu yote.