Binamu wa Gari la Waziri Mkuu

Machi 2011 njia ya kwenda Samunge iligeuka maonyesho ya magari yasiyo na mwandaaji. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimjua kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na foleni ya kumfikia ilijinyoosha kilometa kwa kilometa kwenye vichaka vya tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro. Kuhusu kikombe yameshaandikwa mengi. Hapa tuzungumzie vyombo vilivyowafikisha watu. Yalikuja mashangingi ya vigogo, mabasi, Coaster na Noah zilizochoka, na wenye uwezo zaidi walishuka kwa helikopta. Katikati ya msururu huo zilikuwamo Land Rover za zamani, zile za bodi ya mraba ambazo mlango wake haufungi mpaka uubamize.

Abiria waliobanana ndani yake hawakuwa na sababu ya kujua kwamba gari lile lina ndugu wa damu aliyezoea kuegeshwa mlangoni pa nyumba namba 10, Downing Street, London.

Ndugu huyo anaitwa Rover P5B. Ni gari la saluni, refu, zito, lenye viti vya ngozi na dashibodi ya mbao iliyong'arishwa. Mawaziri wakuu wa Uingereza Harold Wilson, Edward Heath na James Callaghan walipanda gari la aina hiyo, na Malkia Elizabeth alikuwa nalo lake. Lilikoma kuundwa mwaka 1973, lakini serikali ilijiwekea akiba ya yale ya mwisho, kiasi kwamba Margaret Thatcher alipoingia madarakani Mei 1979 alifika Downing Street ndani ya gari la toleo lililokwisha kufa miaka sita nyuma. Chini ya dashibodi ya saluni hizo kulikuwa na droo ya kuvuta, na ndani yake vifaa vya fundi vimepangwa kila kimoja kwenye tundu lake. Gari la kifahari linalobeba spana mbele ya abiria wake: kwangu mimi droo hiyo ndiyo inayoeleza kampuni ya Rover kuliko ngozi na mbao zote.

Kampuni yenyewe ilianzia kwenye baiskeli. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, yaani baiskeli kama tunayoijua hadi leo. Magari yalifuata mwanzoni mwa karne ya ishirini, yakilenga daktari, mwanasheria na meneja wa benki, watu waliotaka gari zuri lisilopiga kelele. Vita Kuu ya Pili ikabomoa kiwanda cha Coventry kwa mabomu, na baada ya vita kampuni ikahamia Solihull, karibu na Birmingham, kwenye kiwanda kilichojengwa kutengenezea injini za ndege.

Hapo ndipo njaa ya chuma ilipozaa Land Rover. Serikali ya Uingereza iligawa chuma kwa mgao, na kipaumbele walipewa wenye viwanda waliouza nje ya nchi. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey na Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Mwaka 1947 yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji, walikubaliana kutengeneza gari la shamba la namna hiyo, la kuziba pengo mpaka hali itengemae waweze kurudi kwenye saluni zao. Aprili 30, 1948 likaonyeshwa Amsterdam.

Wahandisi hawakuwa na fedha za kubuni kila kitu upya, hivyo waliingia stoo ya saluni. Injini ya sentimeta za ujazo 1,595, yenye nguvu za farasi kama 50, ilitoka kwenye Rover 60, gari la mjini lililotoka mwaka huohuo. Gia boksi pia ilikuwa ya saluni. Kilichoongezwa ni boksi la pili nyuma yake, lenye gia kubwa na gia ndogo, na ekseli ya mbele inayosukuma.

Injini ile ilikuwa na mpangilio wa ajabu kidogo. Kwa kawaida valvu zote hukaa juu, kwenye silinda hedi, au katika injini za zamani zote hukaa ubavuni, kwenye bloku. Rover waligawanya: valvu ya kuingiza hewa na petroli waliiweka juu, ya kutolea moshi wakaiweka ubavuni. Kwa kuwa hazikugombea nafasi, ya kuingizia iliweza kuwa pana, silinda ikajaa vizuri hata injini ikiwa inazunguka polepole. Rolls-Royce nao walitumia mpangilio huo kwenye Silver Wraith ya mwaka 1946, kwa sababu ileile: injini iwe laini, iwe kimya, ivute tangu chini bila kupandishwa mizunguko.

Tajiri wa London alitaka ulaini huo ili asikie redio yake. Dereva wa Ngorongoro anautaka kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye mchanga wa majivu, gurudumu likizunguka kwa pupa linajichimbia shimo, na anayefika ni yule ambaye injini yake inasukuma kwa nguvu huku ikizunguka taratibu. Boksi la gia ndogo hukamilisha kazi: hupunguza mizunguko inayofika kwenye magurudumu zaidi ya mara mbili na kuongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi hichohicho, ukitoa kidogo kinachopotea kwa msuguano. Nguvu haizaliwi kwenye gia. Mwendo ndio unaobadilishwa kuwa msukumo. Ndiyo maana Land Rover iliyojaa watu na magunia hupanda ngazi ya mawe ya Sonjo, kwenye njia ya Samunge, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Ubaya wa valvu ya ubavuni ni kwamba fundi anahangaika kuifikia, na ndiyo inayoungua kwanza. Hata hivyo Rover waling'ang'ania mpangilio huo miaka mingi. Mwaka 1967 bado walikuwa wakiweka kwenye Land Rover ndefu injini ya silinda sita ya lita 2.6 ya mpangilio huo, iliyotokana na saluni ya P4.

Bodi nayo ni habari ya peke yake. Chuma kikiwa adimu, alumini ilikuwa tele, maana viwanda vya ndege vilikuwa vimepoteza wateja. Rover walichagua Birmabright, aloi ya alumini yenye magnesi kidogo, wakaikata katika mabati bapa yasiyohitaji mashine ghali za kufinyanga. Saluni ya P4, iliyotoka mwaka 1949, ilipewa milango, bonneti na mfuniko wa buti vya aloi hiyohiyo.

Alumini haipati kutu nyekundu. Ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba mno wa oksidi, na utando huo huziba njia ya kuliwa zaidi. Ila una adui, na adui huyo anaishi jirani na Samunge. Wanaotokea Mto wa Mbu hupita Selela, Engaruka na Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava yenye wingi wa kaboneti ya sodiamu katika zama zetu, kisha huambaa karibu na Ziwa Natron. Nchi nzima ile ina magadi. Mama yeyote aliyewahi kupika kwa magadi kwenye sufuria ya alumini anajua sufuria inavyogeuka nyeusi: magadi huyeyusha utando wa oksidi na kuifikia alumini tupu. Tope la Natron linaloganda chini ya madigadi na pembeni mwa milango hufanya kazi hiyohiyo polepole, na kadiri linavyopata unyevu ndivyo linavyokula. Dereva anayeosha gari akirudi kutoka huko anafanya kemia.

Kuna ulaji mwingine ambao wabunifu wa Solihull waliujengea nyumba wenyewe. Chasisi ni ya chuma, na mabati ya alumini yamefungwa kwenye vyuma kwa boliti na ribiti. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji yenye chumvi huwa betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayojitoa sadaka. Chunguza Land Rover yoyote ya miaka 40 utaona rangi imevimba kuzunguka ribiti, na chini yake kuna unga mweupe.

Turudi kwa Waziri Mkuu. Herufi B ya P5B inasimama badala ya Buick. General Motors walikuwa wametengeneza injini ya silinda nane ya umbo la V, yote ya alumini, kwa magari yao ya mwaka 1961. Ilikuwa ngumu na ghali kuisubu, na wao walikuwa wamegundua namna ya kusubu bloku nyembamba za chuma, kwa hiyo mwaka 1963 wakaiacha. William Martin-Hurst, mkurugenzi mtendaji wa Rover, alikwenda Marekani kwa wenye kiwanda cha injini za boti huko Wisconsin kwa shughuli nyingine, akaiona imekaa kwenye karakana. Mwaka 1965 Rover walipata leseni ya kuiunda, na mhandisi wa Buick aliyekuwa anakaribia kustaafu, Joe Turlay, akahamia Uingereza kuwasaidia.

Mwaka 1967 ikaingia kwenye P5B: lita 3.5, nguvu za farasi takriban 160, na nyepesi kuliko injini ya chuma ya silinda sita iliyokuwamo awali. Mwaka 1970 Spencer King, mpwa wa akina Wilks, aliiweka kwenye Range Rover, lakini akaipunguza makali hadi farasi 135. Katika saluni mgandamizo ulikuwa 10.5 kwa 1, na hiyo ilidai petroli bora kabisa. Ukiiwekea petroli hafifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na pistoni hugongwa nyundo. Range Rover ilipewa 8.5 kwa 1 ili inywe kitakachopatikana. Land Rover ya V8 ya mwaka 1979 ikashushwa hadi farasi 91. Injini ileile ilipewa kazi tatu, na kila ilipozidi kwenda mbali na lami ilizidi kunyimwa nguvu kwa makusudi.

Linaonekana jambo la kipuuzi mpaka ukumbuke mwinuko. Anayetokea Karatu hupanda kwanza ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na kabureta iliyopimwa Dar humwaga petroli nyingi kupita hewa iliyopo, gari likatoa moshi mweusi. Injini kubwa isiyokamuliwa hubaki na akiba ya kulipia hasara hiyo.

Range Rover pia ilileta springi za koili zenye kushuka na kupanda kwa kina, mahali pa zile za vyuma vya bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gurudumu likashika ardhi hata penye korongo. Mwaka 1983 koili zikahamia kwenye Land Rover 110, ndiyo iliyoitwa Defender kuanzia 1990 na kuendelea kuundwa Solihull hadi Januari 29, 2016.

Tusiipambe kupita kiasi. Land Rover za springi za bapa zilijulikana kwa kukata hafu shafti, kuvuja oili na kumtoa jasho dereva kwa gia ya kwanza na ya pili zisizo na sinkro. Hata hivyo zilipata umaarufu wake mapema. Julai 17, 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey alipoona fuvu la kale la Zinjanthropus kule Olduvai, katika wilaya hiihii ya Ngorongoro, ni Land Rover aliyoirukia kwenda kambini kumwita mumewe Louis aliyekuwa mgonjwa. Lakini kufikia miaka ya 1970 Rover ilikuwa imemezwa na British Leyland, fedha za kuboresha gari hazikutoka, na Toyota akaja na injini kubwa, ekseli imara na vipuri vilivyofika kwa wakati. Neno shangingi lilipozaliwa mitaani, halikuwa linamaanisha Land Rover.

Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanahifadhi Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na utawala wa Waingereza, halafu na Mwalimu Nyerere. Watalii hupiga nalo picha. Binamu wa Rover, yaani Land Rover, yeye sidhani kama ana muda wa kukaa makumbusho. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na mamia yao yalijitokeza yakitembea yenyewe. Mengi ya haya ya kwetu, ukifungua bonneti unakuta injini ya Kijapani, maana fundi wa gereji hana mapenzi na nasaba. Chasisi ya masanduku ya chuma, mabati ya aloi na boksi la gia ndogo ndivyo vilivyobaki vya Solihull.

Babu wa Loliondo alifariki Julai 2021, na foleni ilikuwa imekwisha muda mrefu kabla ya hapo. Kati ya Waso na Sale sasa kuna lami, ambako Noah inapita bila shida. Ukiacha lami kuelekea Malambo au Pinyinyi, hasa mvua za masika zikishanyesha, unasimama kwanza na kuingiza gia ndogo.