Asali Ikiganda Sio Feki: Jua Hili Kabla Mteja Hajakurudishia Chupa

Leo naongea na wale tunaouza asali mbichi mtandaoni. Mzigo wangu unatoka Tabora, nafungasha Dar, natuma mikoani. Kila ikifika mwezi wa sita na wa saba, meseji kutoka Njombe, Mbeya na Arusha ni ile ile: “Dada, asali yako imegeuka sukari. Nirudishie hela yangu.”

Ukiijibu vibaya, umepoteza mteja na jina lako linazungushwa kwenye magrupu. Ukiijibu ukiwa unajua unachouza, huyo huyo anakuletea wengine. Twende kazi.

1. Kwa nini inaganda

Asali ni sukari mbili kubwa, glukosi na fruktosi, ndani ya maji kidogo. Glukosi ndiyo inayojitenga na kuwa chembechembe. Asali yenye glukosi nyingi huganda mapema, yenye fruktosi nyingi hukaa majimaji muda mrefu. Hilo linategemea maua waliyotembelea nyuki.

Asali mbichi haijachemshwa wala kuchujwa sana, kwa hiyo ina chavua na vipande vidogo vya nta. Chembe zinaanza kujijenga hapo. Baridi ya nyuzi joto 10 hadi 15 ndiyo inayoharakisha zaidi. Ndiyo maana chupa iliyotulia Dar miezi kadhaa inafika Njombe na kuganda.

Ila tusiwadanganye wateja: shira ya sukari nayo inaweza kuganda. Kuganda peke yake hakuthibitishi kuwa asali ni safi, na hakuthibitishi kuwa ni feki. Hata majaribio ya kiberiti, glasi ya maji na sisimizi hayathibitishi. Njiti ikiwaka baada ya kuchovywa, maana yake asali haina maji mengi, basi. Shira nzito nayo itapita. Uhakika unatoka maabara, na kwa sisi wadogo unaanza kwa kumjua mrina asali wako.

2. Adui wa kweli ni maji

Asali nzuri ya nyuki wanaouma inatakiwa isizidi asilimia 20 ya maji. Ikizidi hapo, inachachuka kirahisi. Nyuki wenyewe wanajua: asali ikishaiva wanaifunika kwa nta. Kwa hiyo muulize anayekuuzia, “Ulirina masega yaliyofunikwa?” Sega ambalo halijafunikwa, au lenye majana, linaharibu ndoo nzima.

Kuna kifaa kidogo cha mkononi cha kupima maji, rifraktomita. Unaweka tone moja, unasoma asilimia. Mkiwa watatu wanne, changieni mnunue kimoja.

Dalili za kuchachuka ni povu linaloendelea kupanda, harufu ya pombe na mfuniko kuvimba. Ile tabaka nyembamba nyeupe inayobaki juu baada ya kumimina ni hewa na nta tu, usiogope.

Asali ya nyuki wasiouma ni habari nyingine. Yenyewe ni nyepesi na ina uchachu kwa asili. Mwambie mteja kabla hajalipa.

3. Kilo sio lita

Hapa ndipo wengi faida inapovujia. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kama kilo 28. Ukinunua kwa kilo ukapanga bei ya lita kana kwamba ni kilo moja, umegawa gramu 400 bure kila lita.

Chupa ya mililita 500 inabeba kama gramu 700, kwa hiyo ndoo hiyo inatoa chupa 40. Ukifungasha gramu 500, unapata 56. Piga hesabu kabla hujaposti bei.

4. Kuhifadhi

- Funga mfuniko vizuri. Asali inavuta unyevu wa hewani, hasa huku Pwani.
- Tumia chupa ya kioo au plastiki ya chakula. Debe la chuma hapana, asali ina asidi.
- Iweke mbali na jua, vitunguu na mafuta ya taa. Inashika harufu.
- Usiiweke kwenye friji, utaigandisha mwenyewe.
- Kijiko kiwe kikavu, kila siku.
- Ndoo ikianza kuganda, koroga kabla ya kumimina. Ile ya majimaji inayobaki juu ina maji mengi na ndiyo inayochachuka kwanza.

5. Kuila

Iliyoganda pakaa kwenye mkate au chapati, haimwagiki. Ya majimaji inaenda na uji, mihogo ya kuchemsha na vitumbua. Kwenye chai, subiri ifikie joto la kunyweka ndipo uweke, maana moto mkali unapoteza harufu yake nzuri.

Mambo mawili usiyaache kwenye lebo wala kwenye posti. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea sumu hatari. Na mwenye kisukari ajue kuwa asali ni sukari pia. Usiandike “inatibu” ili tu uuze. Mtu akiacha dawa zake kwa maneno yako, hilo sio suala la kurudisha hela tena.

Meseji ya kutuma pamoja na kila oda

“Asante kwa kununua. Hii ni asali mbichi, inaweza kuganda, hasa kwenye baridi. Haijaharibika. Ukiitaka majimaji, iweke chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi joto 40, ukibadilisha maji yakipoa. Usiichemshe. Usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja.”

Mimi naituma kabla mzigo haujafika stendi. Mteja aliyeambiwa mapema, chupa ikiganda anakuja kuuliza, haji kugomba. Nakili, weka jina la biashara yako, na umsambazie mwenzako anayeuza asali.