Visu vya Mashine ya Kufyekea: Jinsi ya Kuvitoa, Kuvinoa na Kuvirudisha

Mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ambayo wengi huiita slasha, ni msaada mkubwa kwa mwenye shamba. Kazi ya siku nyingi kwa panga huimaliza kwa saa chache, iwe ni malisho yaliyoota vichaka au magugu baina ya safu za mkonge. Lakini visu vyake vikiwa butu, majani huchanwa badala ya kukatwa, trekta huvuta kwa taabu, na mafuta hupotea bure.

Yafaa dereva afahamu nguvu iliyomo humo. Shafti ya nyuma ya trekta kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, na gia za mashine huongeza mwendo huo, hata ncha za visu katika mashine nyingi hupita kilomita 200 kwa saa. Baada ya shafti kukatwa, visu huendelea kuzunguka kwa muda. Asishuke mtu kabla havijatulia kabisa.

Kwanza mashine isimamishwe mahali tambarare, breki ifungwe, injini izimwe na ufunguo utolewe. Kisha shafti itenganishwe na trekta. Mashine ikiisha kuinuliwa, iegemezwe juu ya magogo imara au vigingi vya chuma. Mikono ya trekta isitegemewe hata kidogo, kwa maana mpira wa mafuta ukipasuka mashine yote huanguka mara moja, na aliye chini yake hana nafasi ya kutoka.

Kabla ya kutoa visu, kila kimoja kitiwe alama ya upande wake na uso uliotazama juu. Kipande kigumu cha mti kikazwe kati ya kisu na ukingo wa mashine ili kisigeuke. Nati iliyoshika kutu itiwe mafuta na kuachwa kwa muda, ndipo ifunguliwe kwa spana ndefu.

Kisu kifungwe katika jiliwa na kunolewa kwa tupa au kwa jiwe la umeme, naye mnoaji avae miwani ya kukinga macho. Kinolewe upande ule ule uliochongwa kiwandani, kwa mwinamo ule ule. Makali yasiwe membamba kama ya wembe. Yaachwe na unene wa kama milimita moja na nusu, la sivyo yatavunjika kwenye jiwe la kwanza. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kwa joto la jiwe, ugumu wake umeharibika. Kisu chenye ufa au kilichopinda kisipigwe nyundo wala kuchomelewa, bali kitupwe.

Visu vyote vipimwe kwa mizani. Kimoja kikiwa kizito kuliko mwenzake, mashine hutetemeka, beringi huliwa na sanduku la gia huharibika. Ndiyo sababu visu vipya hununuliwa pamoja, wala si kimoja kimoja.

Wakati wa kuvirudisha, makali yatangulie kuelekea upande wa mzunguko, na ule uso uliotiwa alama utazame juu. Nati mpya ni bora kuliko ile iliyokwisha kulegea, nayo ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Hata hivyo kisu chenyewe lazima kicheze kwa urahisi juu ya bolti yake, ili kikigonga kisiki kirudi nyuma bila kuvunjika.

Mwishowe mashine iendeshwe polepole, watu na mifugo wakiwa mbali. Ikitetemeka, isimamishwe mara moja. Baada ya saa ya kwanza ya kazi nati zikazwe tena, maana kisu kikichomoka kwa mwendo ule hakichagui mtu wa kumpiga.