Benchi la Nje Huozeshwa na Maji Yasiyo na Pa Kutokea

Benchi la bustanini likioza baada ya masika machache, lawama huangukia mbao: laiti lingekuwa la mtiki au mvule! Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kiini cha mtiki huhimili kuvu na mchwa kwa miaka mingi, lakini ubao mweupe wa karibu na gome huoza upesi, na mti uliovunwa mchanga huwa na mwingi. Zaidi ya hayo, kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi ndani ya ubao. Ubao unaolowa kisha ukakauka haraka huwanyima makao. Kwa hiyo umri wa samani ya nje huamuliwa pia na umbo lake, yaani jinsi linavyoyaondoa maji.

Tuanze na mguu. Ncha ya ubao, pale nyuzi zilipokatwa, hunyonya maji kwa kasi kuliko ubavu wake. Mguu uliosimama kwenye udongo hunywa usiku kucha. Uwekwe juu ya jiwe au kipande cha plastiki kigumu. Kikalio nacho kiwe cha vibao vyembamba vyenye nafasi katikati, tena kiinamishwe kidogo. Ubao ukilowa hutanuka kwa upana, urefu wake ukibaki karibu vilevile. Ubao mpana uliobanwa kwa misumari kingo zote mbili hukosa pa kutanukia, ukapinda au kupasuka. Na karibu na bahari tumia skrubu zisizoshika kutu, kwa sababu kutu hudhoofisha nyuzi zinazoizunguka.

Wapo watakaosema vanishi nzito inatosha. Jua huichosha, ubao ukitanuka na kusinyaa nayo hupasuka, kisha maji huingia kwenye nyufa na kukwama chini yake. Mafuta yanayopenya, yakipakwa tena kila yanapofifia, hayaachi ganda la kufungia maji. Wengine watataja gharama, na ni kweli kwamba vibao vingi humwongezea seremala kazi ya kupasua, kupiga randa na kufunga. Hata hivyo, mtiki wa mashamba kama Longuza, Muheza, hukuzwa kwa miongo kadhaa. Kuugeuza benchi la miaka mitano ni hasara kwa mnunuzi na kwa msitu. Kabla ya kulipa malipo ya awali, mwulize fundi kuhusu kila kiungo: maji yakiingia hapa, yatatokea wapi? Asipokuwa na jibu, mchoro haujakamilika.